Begi la Semina

Madereva wa malori walimwita Tani, naye aliitika. Angefanya nini? Ukiwa na kilo mia moja themanini na tatu, na kazi yako ni kupima uzito wa vyombo vya wenzako, jina kama hilo huwezi kulikimbia. Na hata ungetaka kukimbia, kwa mwili ule ungefika wapi? Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda cha mizani kando ya barabara kuu, kioo mbele yake, kompyuta ubavuni, malori yakipanda juu ya bamba la chuma moja baada ya jingine. Lori likitulia, namba zinatulia. Likiwa limezidi, linasogea pembeni kupunguza mzigo. Mambo ya "tusaidiane kaka" na "tuelewane kiutu uzima" hakuyataka hata kuyasikia. Wengi walijaribu kuelewana naye wakaishia kushusha magunia juani.

Mbinu zao zote alizijua. Kuna anayeacha gurudumu moja nje ya bamba makusudi, kisha anajifanya mgeni wa gari lake mwenyewe. Kuna anayekuja akiongea mfululizo ili usitazame kioo. Na kuna yule mjanja kupita wote, anayepanga magunia ya pumba juu na saruji chini, huku hati ya mzigo ikisema pumba tupu. Huyo Tani alimwambia neno moja tu: "Fungua." Turubai likishafunuliwa, dereva huanza kutazama viatu vyake.

Nayasema haya mapema ili ujue alikuwa mtu wa namna gani, maana nitakayokueleza mbele hayafanani naye hata kidogo.

Safari yake ya hospitali ilianzia palepale kibandani. Siku moja, saa nne asubuhi, usingizi ulimchukua lori likiwa juu ya mizani. Dereva akangoja. Akapiga honi. Malori saba nyuma yake nayo yakapiga honi, na Tani yuko pale, kidevu kifuani, anakoroma. Mama wa usafi alidhani amekufa, akammwagia ndoo nzima ya maji ya kudekia. Tani aliamka akiwa amelowa chapachapa, akabonyeza kitufe, akamwambia dereva, "Umezidi kilo mia mbili." Madereva walicheka wiki nzima. Yeye hakucheka, kwa sababu aliogopa. Hakuwa mlevi wala mvivu. Ni kwamba usiku pumzi ilikuwa ikimkatika. Mke wake, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hawezi kuona kitu bila kukihesabu, alikaa macho na saa mkononi: pumzi ilikatika mara thelathini na moja kwa saa moja.

"Baba watoto," alimwambia asubuhi, "mimi sitaki kuhesabu tena. Twende hospitali."

Mizani ya zahanati ya jirani iliishia kilo mia na hamsini. Tani alipoipanda, mshale ulikwenda ukafika mwisho ukakwama hapo. Mpima malori hakupimika! Wakapelekwa hospitali kubwa, kwa daktari wa upasuaji ambaye ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kuongea kama anayelipia kila neno. Akawaeleza: atatoboa matundu madogo tumboni, apitishe vifaa, aondoe sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuacha kipande chembamba, unene wa ndizi. Tani akauliza kama baada ya hapo mambo yatakuwa yamekwisha.

"Mimi nakata tumbo," daktari akasema. "Kichwa nakuachia mwenyewe."

Ikafuata miezi sita ya maandalizi. Alijifunza kutafuna, jambo alilodhani analijua tangu utotoni. Alitembea jioni hadi kwenye nguzo ya tatu ya umeme, kisha ya sita, kisha ya kumi. Alipewa mashine ya kumsaidia kupumua usingizini, akaanza kuamka akiwa na akili zake zote. Wiki mbili za mwisho ilikuwa ni supu iliyochujwa na maziwa peke yake, ili ini lisinyae na kumpa daktari nafasi ya kufanyia kazi. Kutoka mia themanini na tatu akafika mia sitini na nane. Na alikuwa na ndoto yake moja aliyomwambia mkewe tu: siku moja apande ngazi ya ubavuni mwa lori, mwenyewe, achungulie mzigo kwa macho yake. Miaka mitano alikuwa akimtuma mwenzake.

Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimoja. Mama yake hakuwa anajua.

Mama aliishi mitaa miwili kutoka kwa Tani, na chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa duka la maharage na nafaka. Huyo mama na hospitali walikuwa paka na panya. Akiumwa kichwa anameza vidonge vya dukani. Akiumwa mgongo anausema vibaya mpaka uone haya upone. Ukimtajia upasuaji anainuka na kwenda kufagia mahali pasipo na uchafu. Tani alijua kwamba akimweleza, atalia. Na akilia, yeye hatakwenda. Ndipo akaja na akili ya kijinga kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Alimpigia simu.

"Mama, kazini wananipeleka semina. Mizani mipya ya kisasa. Siku tano."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Nakuja Alhamisi kukupigia pasi mashati."

Hilo lilikuwa desturi. Tani hakuwahi kusafiri na shati ambalo mama yake hakulipiga pasi. Mama aliamini kwamba hakuna mwanamke mwingine duniani anayeijua kola ya mwanawe, na mkwe wake, kwa hekima ya miaka kumi na miwili ya ndoa, alimwachia hiyo kola. Vita vya kupigana na mkwe vipo vingi. Mwenye busara hapotezi nguvu kwenye vya pasi.

"Umemdanganya mama yako," mke alisema Tani alipokata simu.

"Nimemficha tu."

"Mwanafunzi wangu akinijibu hivyo namrudisha aanze upya."

Basi ikafika Alhamisi. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa shangazi yao. Begi lilikuwa juu ya kitanda, mdomo wazi, na mke alikuwa na karatasi ya muuguzi mkono mmoja, kalamu nyekundu mkono wa pili.

"Viatu vya kuvaa bila kuinama."

"Vipo." Hivyo ndivyo viatu pekee alivyokuwa navyo. Kamba za viatu Tani hakuwa ameziona miaka sita.

"Nguo pana, zisizobana tumboni."

"Mke wangu, niliwahi kuwa na nguo za aina nyingine?"

"Jibu swali. Zipo?"

"Zipo."

"Mto mdogo. Wa kukumbatia tumboni ukikohoa, na wakati wa kurudi gari likipita kwenye matuta." Alama nyekundu. "Dawa zako, kila moja kwenye boksi lake. Chaja yenye waya mrefu. Mafuta ya midomo. Mashine ya usingizi, na bomba lake, na kinyago chake. Makopo mawili ya maziwa ya unga." Alama, alama, alama. Kisha akanyanyua kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kupimia dawa ya kikohozi ya mtoto. "Na hiki."

Tani alikichukua kwa vidole viwili, akakitazama kwa masikitiko. "Hiki si cha mwanasesere?"

"Hiki ndicho sufuria, sahani na bakuli lako wiki ya kwanza. Msalimie."

Wakacheka mpaka kitanda kikalia. Walikuwa wanaogopa wote wawili, na kicheko ndicho kilichokuwa karibu. Ndipo wakasikia sauti ya mama getini akimgombeza kuku wa jirani.

Sijui kama umewahi kuona mwalimu wa hesabu akifanya magendo. Kwa sekunde chache alitupa karatasi chini ya mto, akasukuma mashine chini kabisa, akafuatisha makopo, akatandaza nguo za kulalia, na juu ya yote akaweka suti nyeusi ya mumewe na tai mbili. Akafunga zipu, akajifuta jasho. Tani alimtazama. Pumba juu, saruji chini. Aliona vizuri kabisa kilichofanyika, na bado alinyamaza.

Mama aliingia, akasalimiwa, akaulizia watoto, akakataa chai, akaomba pasi. Mashati manne aliyapiga kwa uangalifu wa mtu anayesoma barua, mbele, mgongo, mikono, na mwishowe kola. Akazungumza habari za mteja mmoja anayekopa maharage na kurudisha maneno. Akamwangalia mwanawe, akasema, "Umepungua. Semina hiyo imekutia wasiwasi?" Tani akasema, "Kidogo."

Kisha akataka mahali pa kulaza mashati yaliyokunjwa. Akashika mpini wa begi alisogeze, na hapo akasimama.

Sasa, kuna jambo sijakwambia. Mama huyu aliuza nafaka miaka thelathini na mitano, na mkono wake ulikuwa na sifa mtaa mzima. Ukimpa mfuko anaupandisha mara moja, anauteremsha, anakutajia kilo. Mizani anaitumia kwa ajili ya wasioamini. Mke wa Tani alifumba macho.

Mama alilipandisha begi mara moja, akalirudisha kitandani.

"Kilo kumi na mbili kasoro kidogo," alisema. "Suti, tuseme kilo mbili. Viatu, kilo moja na nusu. Mashati haya hapa mkononi kwangu. Hizo kilo nane na ushee ni za nini?"

"Vitabu, mama. Vya semina."

"Vitabu watakupa hukohuko." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Fungua."

Miaka kumi na tisa alikuwa akilisema yeye hilo neno, na hakuwahi kujua linavyouma likisemwa kwako. Alijikuta anatazama viatu vyake. Akafungua.

Mama akatoa suti, akaiweka kando. Akatoa tai. Akatoa kopo la kwanza, na la pili. Akatoa kinyago na bomba lake refu, akalinyoosha mbele ya macho yake.

"Semina yenyewe inafanyikia chini ya maji?"

Mke alicheka bila kutaka, akaziba mdomo. Mama hakucheka. Aliingiza mkono chini ya mto kama aliyeonyeshwa, akatoa karatasi, akavaa miwani, akasoma taratibu, midomo ikisogea. Kulazwa Ijumaa. Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, Jumamosi asubuhi. Alisoma mpaka mstari wa chini kabisa, penye namba ya simu ya wodi. Akakaa kitandani.

"Mama," Tani akaanza, "sikutaka ulie."

"Unajua baba yako alikufaje?"

Swali hilo Tani hakulitarajia. "Ajali," alijibu. "Safari ya kikazi. Nilikuwa na miaka kumi."

"Hakukuwa na ajali." Mama alikuwa ameshika shati la juu, anasawazisha kola iliyokuwa imeshasawazika. "Alikuwa na kidonda cha tumbo, anakificha. Akaambiwa apasuliwe. Akaona nitalia. Akaniambia anatumwa kukagua tawi la kampuni, siku tano. Nikampigia pasi mashati manne. Akaniaga pale mlangoni, anatabasamu, nami nikamwambia aniletee kitambaa cha pazia. Siku ya tatu amu yako akaja na lile begi. Mashati yamekunjwa vilevile nilivyoyakunja. Hata moja halikufunguliwa."

Pasi ilikuwa imesimama mezani, bado ya moto.

"Nilikuficha wewe kwa sababu ulikuwa mdogo. Kisha ukawa mkubwa, na mimi nikawa nimeuzoea uongo wangu. Watu wanasema naogopa hospitali. Siogopi kisu mimi. Kisu kina kazi yake. Ninachoogopa ni kupiga pasi mashati ya mtu ambaye haendi huko anakosema anakwenda. Kuaga kwa uongo si kuaga, mwanangu. Nimekaa miaka thelathini na mitatu nikiwa mke ambaye hakuagwa."

Tani alitaka kupiga magoti, lakini kupiga magoti kwake ilikuwa ni shughuli ya watu wawili. Alisimama tu, machozi yakimtiririka. "Mama, naomba radhi yako."

"Aliyeniaga kwa simu ni mtu wa semina," mama alisema akinyanyuka. "Huyo wa hospitali bado hajafika kwangu." Akachukua mashati yote manne, akayakumbatia kifuani, akatoka. Mke alikimbilia kuchomoa pasi.

Asubuhi ya Ijumaa Tani aliamka saa kumi na mbili. Gari la kuwapeleka lilikuwa linakuja saa nne. Mke alimwona anavaa.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama."

"Nimpigie mwenye bodaboda?"

"Nakwenda kwa miguu."

Mitaa miwili kwako wewe na mimi si kitu. Yeye alipumzika mara tatu: kwenye ukuta wa fundi viatu, kwenye benchi la muuza magazeti, na mara ya tatu amesimama tu katikati ya njia, mikono kiunoni, akijifanya anasoma tangazo la nyumba ya kupanga. Majirani walimsalimia wakashangaa, maana walizoea kumwona ndani ya gari. Alipofika, mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso, lakini alimsukumia kwa mguu kiti kile kipana ambacho hakikuwahi kumvunjikia.

Tani alikaa mpaka pumzi ikarudi. Kisha akasema yote kwa mpangilio, kama anavyosoma hati ya mzigo. Alisema kuhusu usingizi na lori na ndoo ya maji ya kudekia. Alisema pumzi yake ilivyokuwa ikikatika usiku, na jinsi mke wake alivyokuwa akikaa macho kumhesabia. "Baba alikufa na miaka arobaini na minne," alisema. "Mimi natimiza arobaini na minne mwezi wa nane. Kila nikipanda kitandani nalikumbuka hilo. Nataka kuona watoto wangu wakiwa watu wazima, mama. Na nataka kupanda ngazi ya lori. Naogopa sana, na nataka kwenda."

Mama aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Huyo daktari ni mtu gani?"

"Mwanamke. Mfupi. Haongei sana."

"Ameshawapasua wangapi?"

"Sijui."

"Unampa mtu tumbo lako na hujui!" Hapo ndipo alipoinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. "Kwenye lori la mtu unauliza mpaka idadi ya matairi. Kwenye mwili niliouzaa mimi, huulizi?"

"Basi twende ukaulize wewe."

Mama akarudi kwenye ungo wake. "Nenda kaoge," alisema. "Unanuka jasho."

Saa nne gari lilifika. Begi safari hii lilikuwa limefunguliwa na kupangwa upya, mashine juu, makopo pembeni, suti imerudi kabatini. Mke alikaa kiti cha nyuma. Tani alisimama nje ameshika mlango. Saa nne na dakika kumi. Na ishirini. Dereva akakohoa kwa adabu.

"Baba watoto, tutapoteza kitanda," mke alisema kwa upole.

"Najua."

Na hakika angeweza kupoteza. Karatasi ilisema wazi: asiyefika saa sita, nafasi yake anapewa mwingine, na foleni ilikuwa ya miezi minane. Tani alijua hilo, na bado miguu yake ilikataa kupanda. Saa nne na nusu mama alitokea kwenye kona, amevaa viatu vyake vya kufunga, begi dogo mkononi, anatembea kama mtu anayeudai mtaa mzima maelezo. Alifika, akafungua buti mwenyewe, akaweka begi lake juu ya la mwanawe.

"Kilo nne," alimwambia Tani. "Na usilifungue, ni nguo za mwanamke."

Hospitalini walipokelewa, Tani akapimwa, akavikwa mkanda wa plastiki mkononi, akapewa kitanda kipana chenye vyuma imara. Mchana daktari mfupi alipita. Kabla hajafungua faili, mama alisimama mbele yake.

"Mwanangu, nipe mkono wako."

Daktari alimtazama, akampa. Mama aliushika, akaugeuza, kiganja juu, kiganja chini, akaupima hivyo kwa muda.

"Umepasua wangapi kwa kazi hii?"

"Mia nne na kumi na moja, mama."

"Na ambao hawakuamka?"

Mke wa Tani alikohoa. Muuguzi akaanza kusema kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu, lakini daktari alimzuia kwa kichwa.

"Mmoja. Miaka mitatu iliyopita. Damu iliganda ikaenda kwenye mapafu. Ndiyo maana kesho jioni nitamtoa mwanao kitandani atembee, hata akinitukana."

Mama aliuachia ule mkono polepole. Ulikuwa ni mwaka wa sitini na nane wa maisha yake, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa hospitali kumjibu bila kuzunguka. "Akikutukana niite mimi," alisema.

Jioni ile alimfuata muuguzi akamwomba amwonyeshe mlango wa chumba cha upasuaji.

"Bibi, ni kesho saa mbili."

"Najua ni kesho. Nataka kuona nitakaa wapi."

Kulikuwa na viti vinne kwenye ule ukumbi. Mama alivikalia vyote, kimoja kimoja, akachagua cha tatu, ambacho ukikikalia unaona mlango wote bila kugeuza shingo. Mke aliporudi wodini kusimulia, Tani alicheka mpaka mgonjwa wa jirani akauliza kuna nini. Usiku huo alilala na mashine yake, na alilala kweli.

Saa mbili kasoro robo asubuhi walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, amefunikwa shuka la kijani, kofia ya karatasi kichwani. Mke alitembea kando yake amemshika kidole gumba. Mama alikuwa ameshakaa mahali pake. Alinyanyuka, akaweka kiganja mbele ya kitanda, na wasukumaji wawili, vijana wenye nguvu zao, wakasimama.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza mwanawe.

Muuguzi alidhani bibi amechanganyikiwa, akataka kumweleza. Mke akamgusa bega anyamaze.

Tani alimtazama mama yake kutoka chini, kama alivyomtazama alipokuwa mtoto. Midomo ilikuwa mikavu. "Nakwenda kupasuliwa tumbo, mama," alisema. "Hapa, nyuma ya mlango huu. Masaa mawili hivi. Naogopa. Nikiamka nitakuita."

"Na usipoamka?"

"Basi utakuwa unajua nilikokwenda."

Mama aliinama, akamwekea mkono kwenye paji la uso, palepale chini ya ile kofia ya karatasi, na machozi yaliyokuwa yakiogopwa miezi sita yote yakamwanguka mwanawe shavuni. Hayakumzuia mtu kwenda popote.

"Nenda, mwanangu, na radhi zangu zote," alisema. "Sasa umeniaga."

Akaondoa mkono, akawaachia njia wasukumaji.